Juu ya Neno la Kiingereza «Graduate» na Maneno Yetu ya Kumaliza Masomo

Kijana mmoja tuliyemfundisha zamani alitujia siku moja na barua ya kuomba kazi, aliyoiandika kwa Kiingereza, akatuomba tuipitie kabla hajaipeleka. Ilikuwa barua ya adabu, yenye mwandiko wa kusomeka. Katikati yake palikuwa na maneno haya: «I graduated the secondary school». Tukachukua kalamu, tukatia neno dogo «from» baada ya «graduated», tukamrudishia. Alitushukuru, akaenda zake. Baada ya majuma machache alirudi, naye hakuwa na furaha. Sababu yake tutaieleza mwishoni, kwa maana haitafahamika vema mpaka tumelichunguza neno lenyewe.

Neno hili «graduate» huwatatiza walimu wengi, wala si ajabu, kwa kuwa hata wenye lugha wamelibishania kwa muda mrefu. Katika vitabu na magazeti ya Kiingereza mtu aweza kukutana na namna tatu za kulitumia. Ya kwanza: «He was graduated from the college». Ya pili: «He graduated from the college». Ya tatu: «He graduated college». Msomaji atauliza, Je, zote tatu ni sawa? Na kama si sawa, tuwafundishe wanafunzi wetu ipi?

Kwanza tutazame asili yake. Neno hili limetoka katika Kilatini, katika neno «gradus», maana yake hatua, au kidato cha ngazi. Katika vyuo vikuu vya kale vya Ulaya, kama vile Bologna, Paris na Oxford, elimu ilihesabiwa kuwa ngazi, na mwanafunzi alipandishwa kutoka kidato hata kidato. Hatua aliyopewa ndiyo iliyoitwa digrii, na neno hilo nalo latokana na «gradus» hiyo hiyo. Yafaa kukumbuka ya kwamba digrii zile zilihusu kazi ya kufundisha. Neno «master» katika vyuo vile lilikuwa na maana ya mwalimu, na «doctor» latokana na neno la Kilatini la kufundisha. Aliyepewa digrii alikuwa amepewa ruhusa na wakubwa wake kuwafundisha wengine.

Kwa hiyo twaona ya kwamba hapo zamani mtenda wa kitendo hiki alikuwa chuo, na mwanafunzi alikuwa mtendwa. Chuo kilimpandisha, yeye alipandishwa. Ndiyo maana namna ya kwanza, ya hali ya kutendwa, «was graduated», ndiyo iliyo karibu zaidi na asili. Mtu hakuweza kujipandisha mwenyewe, kama vile mtu asivyoweza kujitawaza kuwa jumbe wala kujitia muhuri katika hati yake.

Walakini lugha haikai mahali pamoja. Katika karne ya 19 watu wengi walikuwa wamekwisha zoea kusema ya kwamba mwanafunzi mwenyewe «graduates», yaani yeye ndiye apandaye. Huko Marekani walitokea walinzi wa lugha waliolipinga jambo hili kwa nguvu. Alfred Ayres, katika kitabu chake The Verbalist cha mwaka 1881, alishika ya kwamba wanafunzi hawajipandishi, bali hupandishwa. Na Ambrose Bierce, katika kitabu chake kidogo Write It Right cha mwaka 1909, aliyaweka matumizi haya mapya katika orodha ya makosa ya kuepukwa. Hoja yao ilikuwa na haki kwa upande wa asili, lakini watu hawakuwafuata. Leo namna ya pili, «graduated from», ndiyo iliyo ya kawaida katika Kiingereza chote kilicho sanifu, wala hakuna mwalimu atakayeisahihisha. Namna ya kwanza si kosa, ila imezeeka. Huonekana zaidi katika maandishi ya Marekani yaliyo rasmi.

Namna ya tatu, ile isiyo na «from», ina habari yake. Ilienea katika karne ya 20, hasa katika mazungumzo ya Wamarekani, na leo husikika sana huko. Hata hivyo wasomi wengi wa lugha huiona kuwa haifai katika maandishi ya heshima. Nao wana sababu nzuri. Maana ikiwa «graduate» ni kupandisha, basi mtu asemaye «I graduated college» ni kama asemaye ya kwamba yeye ndiye aliyekipandisha chuo, wala si chuo kilichompandisha yeye. Mambo yamepinduliwa. Kwa hiyo shauri letu ni kwamba wanafunzi wetu waizuie kalamu yao isiandike namna hii katika barua, mtihani au cheti.

Sasa tuulize, Mbona wanafunzi wetu huanguka katika kosa hili, ingawa wengi wao hawajapata kumsikia Mmarekani akisema? Twadhani sababu iko katika lugha yetu wenyewe. Kwa Kiswahili twasema, «Amehitimu masomo», nasi twaona hapo neno «masomo» likifuata kitenzi bila kitu cha kuunganisha. Kutoka hapo watu wamezoea kusema hata «Amehitimu chuo». Basi kijana anapofasiri neno kwa neno hupata «He graduated the college», na neno «from» halipati nafasi. Kosa si la uvivu. Ni Kiswahili kilichovaa nguo za Kiingereza.

Lakini yafaa tujitazame na upande wa pili. Siku hizi katika magazeti na hotuba twasikia, «Alihitimu kutoka Chuo Kikuu fulani». Hapo ni Kiingereza kilichovaa kanzu ya Kiswahili. Neno «kutoka» limeingizwa kwa ajili ya «from» tu. Kiswahili chataka «Alihitimu katika Chuo Kikuu fulani», au «Alihitimu masomo yake katika chuo fulani». Mwalimu akiwaonyesha wanafunzi makosa haya mawili pamoja, moja la huku na moja la huko, watafahamu upesi kuliko akiwapa kanuni tupu.

Kabla ya kuliacha jambo la matumizi, tutaje mambo machache yaliyo ya lazima darasani.

La kwanza ni maneno madogo yafuatayo «graduate». Kwa chuo twatumia «from»: «She graduated from the college». Kwa elimu aliyosoma mtu twatumia «in»: «She graduated in law». Kwa sifa aliyopata twatumia «with»: «She graduated with honours». Katika vitabu vya zamani vya Kiingereza tutakuta pia «graduated at Oxford». Hilo si kosa, ni desturi ya wakati wake.

La pili ni wakati. Mwanafunzi huandika, «I have graduated in 2015», kwa kuwa Kiswahili chamruhusu kusema, «Nimehitimu mwaka 2015». Katika Kiingereza, mwaka ukitajwa, tendo limefungwa katika wakati uliopita, na lazima iwe «I graduated in 2015».

La tatu ni matamshi. Neno «graduate» likiwa kitenzi, mwisho wake husikika kama «-eit». Likiwa jina, yaani mtu aliyehitimu, mwisho wake ni mfupi, kama «-it». Na jina hilo hufuatwa na «of», si «from»: «He is a graduate of that college».

La nne ni neno «undergraduate». Wengine hudhani ni mtu wa digrii ndogo. Maana yake ni mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye bado hajapata digrii ya kwanza. Yu chini ya kidato, hajakikanyaga.

Tumesema habari ya chuo kikuu, na hapa ndipo penye shida iliyo kubwa kuliko ile ya «from». Nani astahiliye kuitwa «graduate»? Waingereza na Wamarekani hawajibu sawasawa. Kwa desturi ya Uingereza ya tangu zamani, neno hili lilikuwa la chuo kikuu peke yake. Mtoto amalizaye shule haku-«graduate». Yeye «left school», yaani aliacha shule kwa kuimaliza, naye akaitwa «school leaver». Kwa desturi ya Marekani, mtu hu-«graduate» hata katika shule ya sekondari, na siku hizi hata watoto wadogo wa chekechea huvikwa joho na kofia. Wamarekani wana jambo jingine la kupendeza: siku ile ya kutoa digrii huiita «commencement», maana yake mwanzo. Wamelirithi kutoka Cambridge, kwa kuwa kule kale aliyepewa digrii alihesabiwa kuwa anaanza kazi ya ualimu. Chuo cha Harvard, kilichoanzishwa mwaka 1636, kilifanya siku hiyo mara ya kwanza mwaka 1642, na waliopewa digrii walikuwa 9 tu.

Sisi wa Afrika Mashariki tulilelewa katika desturi ya Uingereza. Makerere iliingia katika uhusiano na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na wanafunzi wake wakapewa digrii za London. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1963 kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikagawanyika kuwa vyuo vikuu vitatu, vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, kila kimoja kikitoa digrii zake. Katika shule za sekondari tulifanya mtihani wa Cambridge, na Tanzania ikaunda Baraza lake la Mitihani mwaka 1973. Katika miaka hiyo yote kijana aliyetoka shuleni alipewa na mwalimu mkuu cheti cha kumaliza shule, kiitwacho kwa Kiingereza «leaving certificate». Tazama neno lenyewe: ni cheti cha kuondoka, wala hakisemi kitu juu ya kufaulu. Cheti cha kufaulu hutoka kwa wenye mtihani.

Lakini desturi ya Marekani nayo imetufikia, nasi tumeipa jina letu: mahafali. Neno hili ni la Kiarabu, maana yake makusanyiko ya watu. Leo kuna mahafali ya chuo kikuu, ya kidato cha sita, ya kidato cha nne, ya darasa la saba, na ya chekechea. Hatusemi ya kwamba ni vibaya wazazi kukusanyika na kufurahi kwa ajili ya watoto wao, ni vema. Ila kuna jambo moja la kuangaliwa. Katika shule zetu nyingi za sekondari hapa Tanzania mahafali ya kidato cha nne hufanywa kabla ya mtihani wa taifa. Mgeni rasmi husimama akawaita vijana «wahitimu», nao hawajaketi kwenye mtihani, wala hakuna ajuaye nani atafaulu. Jina limetangulia, jambo lenyewe li nyuma.

Hapa hatuna budi kuyapima maneno yetu wenyewe, kwa maana Kiswahili si maskini katika jambo hili. Kina maneno manne, na kila moja lina mahali pake.

«Kumaliza» ni kufika mwisho wa muda au wa kazi. Mtu aweza kumaliza shule akiwa amefaulu au ameshindwa, neno halisemi.

«Kufaulu» ni kupata kile kilichotakiwa, mathalan kupita mtihani.

«Kufuzu» latokana na neno la Kiarabu la kushinda na kupata ushindi. Ni karibu na kufaulu, lakini lina heshima zaidi, na hufaa kwa masomo ya juu na kwa ufundi.

«Kuhitimu» lina historia iliyo ndefu. Mzizi wake katika Kiarabu una maana ya kutia muhuri na ya kumaliza. Na kutoka mzizi huo huo tumepata «hatima», na «hitima», yaani ile kisomo ya kuwaombea waliokufa. Katika pwani yetu mtoto aliyepelekwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani alisemwa amehitimu alipokwisha kuisoma Kurani yote, sura kwa sura, mbele ya mwalimu wake, na wazazi walitoa karamu. Kadhalika mwanafunzi wa fundi alihitimu pale fundi mwenyewe aliporidhika ya kwamba mkono wake unaweza. Katika hali zote mbili alikuwapo mtu mwingine aliyesikiliza au aliyetazama, kisha akakubali. Mtoto hakujihitimisha.

Basi hapa twaona jambo la ajabu kidogo. Kilatini kilianza na hatua ya ngazi, Kiarabu kilianza na muhuri. Lakini yote mawili yamefikia maana moja, ya kwamba kukamilika kwa elimu hushuhudiwa na mwingine. Na neno letu la digrii, «shahada», ni ushuhuda waziwazi. Mtu hawezi kuwa shahidi katika shauri lake mwenyewe. Ayres na Bierce walishindwa katika sarufi, kwa kuwa lugha ni ya wengi wanaoisema. Lakini maana waliyoilinda haijafa, nasi twaweza kuilinda bila kurudisha «was graduated».

Sasa tumrudie kijana wetu. Aliporudi, baada ya kutuamkia na kuketi, alitueleza ya kwamba aliitwa katika ofisi ile, akaulizwa vyeti. Naye alikuwa na kimoja tu, cha kumaliza shule, kwa kuwa katika mtihani wa kidato cha nne alipata sifuri. Mwenye kumwuliza akaweka barua na cheti pamoja juu ya meza, akamwambia, «Barua yako yasema umehitimu. Cheti chako chasema umeondoka shuleni. Tuamini kipi?» Kisha akamwambia aende zake, kwa maana hawaajiri mtu aanzaye kwa uwongo.

Tukamwuliza, «Kwa nini uliandika ‹graduated›?»

Akajibu, «Mwalimu, mimi sikudanganya. Siku ya mahafali tuliitwa wahitimu mbele ya wazazi wetu, na wewe ulikuwapo, ukapiga makofi. Tena barua yangu uliisahihisha mwenyewe. Ulitia ‹from›, lakini neno hili ukaliacha.»

Hatukuwa na la kumjibu. Ni kweli: tulitazama neno dogo, tukaliacha lile kubwa. Tulijua matokeo yake ya mtihani, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wetu. Lakini jicho letu lilikuwa katika sarufi tu, na sarufi ilipotengenea tulidhani barua imetengenea. Sentensi yaweza kuwa sahihi katika kila kiungo chake, na bado isiwe kweli. Tena tukaona ya kwamba kosa lile halikuanzia kwake. Lilianzia pale tulipompa jina kabla ya jambo.

Tukaketi pamoja tukaiandika barua upya. Mahali pa «graduated from» tukaandika, «I completed four years of secondary school», yaani, nilimaliza miaka minne ya sekondari. Kisha tukataja mwaka alioondoka, na kazi alizozijua kwa mikono yake, maana alikuwa amejifunza useremala kwa mjomba wake muda wa miaka miwili, na meza alizotengeneza zilikuwa zinauzwa. Barua hii ya pili haikuwa na fahari ya ile ya kwanza, lakini hapakuwa na neno ndani yake ambalo lingemwaibisha mbele ya cheti chake. Na ikiwa siku moja mjomba wake atasema, «Amehitimu useremala», neno hilo litakuwa mahali pake halisi.

Kwa hiyo shauri letu kwa walimu wenzetu ni hili. Katika Kiingereza, mfundisheni mwanafunzi kusema «graduated from», wala asiache «from»; na neno lenyewe alitumie kwa yule aliyepewa digrii au stashahada, au pale ambapo desturi ya nchi anakoandikia yaruhusu. Kwa shule aandike «completed» au «left». Kwa mtihani aandike «passed», ikiwa amefaulu. Katika Kiswahili tuseme «amemaliza» kwa aliyemaliza, «amefaulu» kwa aliyefaulu, na «amehitimu» tuliwekee yule ambaye kazi yake imetiwa muhuri na wenye kuijua. Na siku ya mahafali, kama mtihani haujafanywa, twaweza kuwaita vijana «wanaomaliza». Jina hilo halitawaondolea furaha, wala halitawarudia baadaye kuwaumiza.

Na sisi tunaosahihisha barua za wengine, kabla ya kutia neno dogo lililosahauliwa, tumwulize kwanza mwenye barua, «Je, ndivyo ilivyokuwa?» Ndilo swali ambalo hatukumwuliza kijana yule siku ya kwanza.